Pasi Iliyosingiziwa: Uchambuzi wa Kisa cha Breka Iliyokata Umeme wa Nyumba Nzima

Malalamiko yalikuwa mafupi: pasi ikichomekwa, umeme wa nyumba nzima unakatika. Hali hiyo ilikuwa imedumu kwa majuma sita, na kabla sijaitwa familia ilikuwa imekwisha kununua pasi ya pili, kubadilisha soketi mbili, na kuwekewa breka mbili mpya na fundi aliyenitangulia. Pasi mpya ikafanya yaleyale ya pasi ya zamani. Wakaipeleka kwa jirani, ikanyoosha kapu zima la nguo bila shida yoyote, na hapo wakakata shauri kwamba ubovu umo ndani ya kuta na kwamba nyumba inahitaji kutandazwa nyaya upya. Mimi niliitwa kukadiria kazi hiyo ya kutandaza nyaya. Haikufanyika, kwa sababu nyaya zilikuwa nzima.

Jambo la kwanza nililomwomba mama mwenye nyumba ni anionyeshe kwa kidole ni kishikio kipi hasa huanguka. Swali hilo huonekana la kitoto, lakini nimeona siku nzima zikipotea kwa kutoulizwa, kwa kuwa watu wengi husema “breka imeruka” kwa kifaa chochote kinachojizima ndani ya kisanduku, ilhali humo mna vifaa vya aina mbili vinavyokata umeme kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Akafungua kisanduku na kugusa kifaa kipana, chenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T na maandishi ya 0.03 A ubavuni. “Hiki, fundi. Hivi vyembamba havijawahi kushuka hata siku moja.” Sentensi hiyo moja iliondoa nusu ya mambo niliyokuwa nimejiandaa kuyapima.

Zile breka nyembamba huulinda waya usiungue. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizogandanishwa, ambacho hupinda polepole kinapopata joto la mkondo uliozidi, na mna koili ya sumaku inayofyatua papo hapo mkondo unaporuka ghafla kwa sababu ya shoti. Breka ya kawaida ya nyumbani ya ampea 20 inaweza kuvumilia ampea 22 kwa saa nzima bila kukata; ikifikishwa ampea 29 itakata, lakini inaruhusiwa kuchukua hadi saa moja kabla ya kufanya hivyo; na shoti ya mamia ya ampea huikata kabla mtu hajapepesa jicho. Kwa hiyo kama kinachoanguka ni breka nyembamba, muda ndio ushahidi mkubwa: ikikata dakika kumi au ishirini baada ya vyombo viwili vizito kuwashwa pamoja, mzigo umezidi, ikikata kwa mlio mara tu swichi inapobonyezwa, tafuta shoti. Katika kisa hiki hakuna mojawapo lililotokea, na sitalirudia.

Kile kifaa kipana, ambacho mafundi wengi hukiita kwa herufi zake, RCD, na ambacho humu nitakiita breka ya mvujo, hakipimi uzito wa mzigo. Waya wa moto na waya wa nyutro hupita pamoja katikati ya pete moja ya chuma. Umeme unaokwenda kwenye chombo kupitia waya wa moto unapaswa kurudi wote kupitia nyutro, na ukirudi wote, nguvu za sumaku za nyaya hizo mbili hufutana na pete haihisi kitu. Ukipungua njiani, yaani ukipata njia nyingine ya kupita, iwe ni mwili wa mtu, bomba lenye maji au waya wa erthi, pete huihisi tofauti hiyo na kifaa hukata. Kifaa cha miliampea 30 hakipaswi kukata kwa mvujo wa miliampea 15 au chini yake, ni lazima kikate ufikapo 30, na muda wa kukata hapo usizidi milisekunde 300. Pasi ile ya wati 2,000 ilikuwa inavuta karibu ampea 8.7, sawa na miliampea 8,700, na kwa breka ya mvujo ampea hizo zote si kitu iwapo zinarudi kwa njia yake. Kinachoiamsha ni zile miliampea ishirini na kitu zinazopotea.

Basi swali sahihi halikuwa “kwa nini pasi ni nzito?” bali “umeme unapotelea wapi pasi inapofanya kazi?” Jibu la haraka, ambalo kila mtu katika nyumba ile alikuwa amelifikia, ni kwamba unapotelea ndani ya pasi yenyewe. Pasi mbili mfululizo zikawa na ubovu uleule? Linawezekana, lakini sikuwa tayari kuliamini. Nilizipima zote mbili kwa kifaa cha kupima kihami, yaani kile kinachozuia umeme usivuje, ambacho kinasukuma volti 500 za mkondo mnyoofu kati ya nyaya za umeme na mwili wa chombo, nikiwa nimezungusha kidhibiti joto hadi mwisho ili koili iunganike. Zote zilisoma zaidi ya megaomu 100; omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita, na megaomu moja ni omu milioni moja. Kipimo cha chini kinachokubalika kwa nyaya za nyumba kama hii ni megaomu 1. Pasi hazikuwa na hatia.

Mama mwenye nyumba alikuwa mtu makini. Kwenye mlango wa friji alikuwa amebandika karatasi aliyoandika kila mara umeme ulipokatika, na karatasi ile ilinisaidia kuliko mita yoyote niliyoibeba siku ile. Pasi: kila mara, bila kukosa. Birika dogo la umeme: mara nyingine ndiyo, mara nyingine hapana, na pembeni ameandika kwa kalamu nyingine, “friji ikinguruma.” Blenda: haijawahi. Mashine ya kufulia: haijawahi. Na mstari mmoja aliouwekea alama ya kuuliza: saa mbili usiku, hakuna aliyekuwa anatumia chochote isipokuwa taa na televisheni.

Kwa sababu ya lile neno kuhusu friji, watoto walikuwa wamekwisha kuitangaza friji kuwa mshukiwa wa pili, na nakiri kwamba mimi pia nilianza kwa kulifuata wazo la karibu na hilo. Vyombo vingi vizima huvujisha kidogo kwa kawaida: kompyuta, televisheni na chaja zina vichujio ambavyo kwa muundo wake hupeleka sehemu ya miliampea, au miliampea moja au mbili, kwenye erthi, na koili za joto nazo huvuja kidogo zinapozeeka. Kila kimoja kikitazamwa peke yake hakina kosa, lakini kifaa kimoja cha miliampea 30 kinacholinda nyumba nzima hujumlisha vyote, na chombo kimoja zaidi kinaweza kuifikisha jumla hiyo ukingoni. Nyumba hii ilikuwa na breka moja tu ya mvujo kwa saketi zote, kwa hiyo nadharia ilikaa vizuri. Ilikaa vizuri mno, nadhani, na ndiyo maana nilitaka kuipima kabla ya kuisema kwa sauti.

Nilichukua mita ya kubana, ile yenye taya inayofunguka na kuuzunguka waya, ya aina inayosoma miliampea, nikazipitisha nyaya mbili za kutoka kwenye breka ya mvujo, moto na nyutro kwa pamoja, ndani ya taya moja. Hapo mita huona kile ambacho pete ya breka huona: tofauti tu. Taa chache, televisheni na chaja zikiwa zimewashwa, na friji imetulia, ilisoma miliampea 5. Nikaomba blenda iwashwe. Ikapanda hadi 11. Nikaizima blenda, nikaomba birika, lile la wati 1,300, lijazwe maji na kuwashwa: 22. Tulisimama tukiangalia namba hiyo ikitulia, kisha friji ikaanza kunguruma jikoni, namba ikayumba, na nyumba ikawa kimya. Baadaye nilipoipima breka ya mvujo kwa kifaa cha kuongeza mvujo hatua kwa hatua, ilikata kwenye miliampea 24, yaani ilikuwa nzima na inafanya kazi yake.

Ni mfululizo huo wa namba ulionibadilisha mawazo. Kama kila chombo kingekuwa na mvujo wake, blenda ingeongeza chake, birika chake, na hakungekuwa na uhusiano wowote kati ya mvujo na uzito wa chombo. Blenda yenye mwili wa plastiki, isiyo hata na waya wa erthi kwenye plagi yake, haina njia ya kuongeza miliampea sita. Lakini mvujo ulikuwa unakwenda sambamba na ampea za nyumba. Blenda ya wati 500, kidogo, birika, zaidi, pasi, zaidi ya yote. Haikujalisha chombo ni kipi. Mvujo unaofuata mzigo namna hiyo, bila kujali nani anaubeba mzigo, una maana moja ambayo fundi anapaswa kuifikiria kabla ya nyingine zote: mahali fulani nyutro imegusana na erthi.

Hapa pana haja ya kueleza taratibu, kwa kuwa ndipo watu wengi, na mafundi wakiwemo, hupotea. Tumezoea kufikiri kwamba nyutro haina umeme, na kwamba ikigusa erthi hakuna kitu cha kutokea kwa sababu vyote viwili ni “sifuri.” Nyutro ni sifuri kule ilikofungwa ardhini, kwenye transfoma. Kutoka hapo hadi nyumbani ni waya mrefu, na waya wowote una ukinzani. Katika nyumba hii, ambayo erthi yake ni nondo iliyozikwa karibu na ukuta, njia ya nyutro ya kutoka kwenye transfoma ilikuwa na ukinzani wa takriban omu 0.2. Zidisha kwa ampea: taa na vikorokoro vya ampea 1 hivi huinua nyutro kwa volti 0.2 tu juu ya ardhi, lakini pasi ikiongezwa jumla inakuwa karibu ampea 9.7, na nyutro inapanda hadi volti 1.9. Ni volti chache ambazo hakuna mtu atakayezihisi kwa mkono. Lakini kama nyutro imegusana na erthi ndani ya nyumba, volti hizo 1.9 zinapata njia ya pembeni, na umeme unaopita njia hiyo haurudi kupitia pete. Ikiwa njia nzima ya pembeni, pamoja na nondo na ardhi, ina omu 60, zinapita miliampea 32. Breka inakata, na anayelaumiwa ni aliyekuwa ameshika pasi.

Maelezo hayo yalifafanua karatasi nzima ya mlangoni. Birika peke yake lilifikisha miliampea 22, chini kidogo ya mahali breka inapokatia. Friji ikiongeza robo tatu ya ampea, mstari ulivukwa. Blenda haikufika hapo kamwe. Na ule usiku wa alama ya kuuliza nao ukapata jibu, kwa sababu nyutro ya nje hutumiwa na nyumba nyingine kadhaa za laini ileile, na saa mbili usiku ni saa ya majiko na birika za watu wote. Nyutro inaweza kupandishwa na mzigo wa majirani wakati ndani ya nyumba yenye kosa hakuna chochote kilichowashwa zaidi ya televisheni. Ilieleza pia kwa nini pasi ilinyoosha nguo salama kwa jirani: kule hakukuwa na nyutro iliyogusa erthi.

Kilichobaki ni kuipata sehemu yenyewe, na hapo ndipo nilipogundua kwa nini familia haikuipata japokuwa iliitafuta kwa utaratibu mzuri. Walikuwa wamefuata ushauri unaotolewa kila mahali: zima breka zote nyembamba, washa moja moja, na itakayosababisha kukatika ndiyo yenye kosa. Kwa mvujo wa waya wa moto, ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwa nyutro, unapotosha. Breka nyembamba za kisanduku kile zilikuwa za ncha moja, maana yake hukata waya wa moto peke yake, na nyutro za saketi zote hubaki zimeunganishwa kwenye bamba moja hata breka zote zikiwa chini. Walipoizima saketi ya chumba cha kufulia na kuwasha pasi, umeme ulikatika kama kawaida, nao wakaandika, kwa mantiki isiyo na dosari isipokuwa msingi wake, kwamba chumba cha kufulia hakihusiki.

Swichi za soketi zina mtego huohuo. Soketi nyingi zenye swichi hukata waya wa moto tu. Chombo kilichozimwa kwenye soketi lakini plagi yake bado imo ukutani kinakuwa bado kimeunganishwa kwa nyutro na kwa erthi. Zipo soketi zinazokata ncha zote mbili, na wenye nazo wana bahati, ila kwa kuzitazama tu kwa nje huwezi kuzitambua kwa uhakika. Kwa hiyo katika utafutaji wa aina hii, kuzima si kutenganisha. Plagi ni lazima itoke ukutani.

Tukachomoa kila kitu. Nasisitiza kila kitu, pamoja na chaja iliyosahaulika nyuma ya kitanda na friji iliyobidi isogezwe ili plagi yake ifikiwe. Kisha nikachomeka pasi peke yake, nikaiweka wima kwenye sakafu ya vigae, nikazungusha kidhibiti hadi mwisho. Mita ya kubana ilisoma chini ya miliampea 1. Tuliiacha dakika ishirini, ikiwaka na kujizima kwa kidhibiti chake, na kishikio cha breka kikakaa mahali pake. Mama mwenye nyumba hakusema kitu, alikuwa anaangalia kile kishikio tu kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Mnaposaka kosa la nyutro, mzigo mzito haupaswi kuzimwa, kwa kuwa ndio unaoinua nyutro na kulifanya kosa lionekane. Pasi ikaachwa ikiwaka, na kijana wa nyumba akapewa kazi ya kuchomeka plagi moja moja, huku swichi ya soketi ikiwa imezimwa, na kutaja jina la chombo kwa sauti mimi nikisoma mita. Friji: hakuna mabadiliko. Televisheni: hakuna. Kompyuta: hakuna. Blenda, birika, feni: hakuna. Akaingia chumba cha kufulia, nikamsikia akisema, “Mashine ya kufulia, imezimwa,” na kabla hajamaliza neno la mwisho breka ikalia “tak” na kishikio kikashuka mbele ya macho yetu. Akarudi mbio akiwa ameinua mikono. “Sijaiwasha, fundi! Nimechomeka tu.” Hakuwa ameiwasha. Swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa, na mashine yenyewe haikuonyesha taa hata moja. Tukarudia mara mbili zaidi, na mara zote mbili meno ya plagi yalipoingia tu, kishikio kilishuka.

Chombo ambacho karatasi ilisema hakijawahi kukata umeme ndicho kilichokuwa kinaukata kila siku.

Nikaichomoa plagi, nikaiweka juu ya mashine mahali ninapoiona, ndipo nikafungua paneli ya nyuma. Koili ya kuchemshia maji katika mashine hizi hukaa chini ya pipa, na kwa nje huonekana vituo vyake viwili vya nyaya na skrubu ya erthi katikati. Nikatoa nyaya zake na kupima kwa mita ya kawaida. Kati ya kituo na kituo: omu 26, ambayo ndiyo hasa inayotarajiwa kwa koili ya wati 2,000 kwa volti 230. Mtu anayeishia hapo ataitangaza kuwa nzima. Lakini kati ya kituo cha upande wa nyutro na chuma cha koili nilisoma omu 18, na kati ya kituo cha upande wa moto na chuma hichohicho nilisoma 42. Mahali pazuri pa kusoma ni tofauti kati ya namba hizo mbili: omu 25 kati ya 26 za waya wa ndani zilikuwa upande mmoja wa kidonda, na omu moja tu upande wa pili. Koili ilikuwa imetoboka karibu kabisa na mwisho wake wa nyutro.

Nilipoitoa, sehemu ile ilionekana: ganda la chuma lilikuwa limevaa chokaa nene ya maji magumu, na karibu na mpira wa kuzibia palikuwa na ufa mwembamba wenye kutu ya rangi ya chai. Ndani ya ganda la koili mna unga wa magnesi oksidi unaoshikilia waya wa joto usiguse chuma. Unga huo ukiwa mkavu ni kihami kizuri sana. Ukinywa maji kupitia ufa, unakuwa njia. Omu 18 hizo, ukijumlisha nondo ya erthi niliyoipima omu 40 na mabaki ya njia hadi kwenye transfoma, zinakupa zile 60 nilizozitumia katika hesabu ya juu.

Lakini kwa nini mashine yenyewe haikuwahi kukata umeme ilipokuwa inafua? Nilimuuliza mama wanafulia kwa maji ya namna gani. Baridi, daima. Swichi ya mbele ya mashine ilikuwa ya kielektroniki na haikukata nyutro. Relei ya koili, yaani swichi ya ndani inayoiwasha koili, nayo ilikuwa upande wa moto. Kwa hiyo waya wa moto haukuwa umefika kwenye koili ile kwa muda mrefu, ila nyutro ilikuwa imeunganishwa nayo usiku na mchana kwa muda wote plagi ilipokuwa ukutani. Mota ya kufulia huvuta kiasi kidogo, na peke yake haikutosha kuinua nyutro hadi mahali pa kukata. Kama siku moja wangechagua maji ya moto, koili ingepata volti 230 na breka ingeanguka papo hapo, na kisa kizima kingeisha kwa dakika tano.

Kuna jambo moja katika historia ya nyumba hii ambalo lilinitisha kuliko koili. Jamaa mmoja alikuwa ameshauri kwa nia njema kwamba, kwa kuwa “erthi ndiyo inayoichokoza breka,” zikatwe nyaya za erthi kwenye plagi za vyombo vikubwa. Ubaya wa ushauri huo ni kwamba ungefanya kazi. Bila erthi, mvujo ule usingekuwa na pa kupita, breka ingetulia, na kila mtu angempongeza jamaa. Mwili wa chuma wa mashine, hata hivyo, ungebaki umeshikamana na koili yenye tundu. Siku ambayo mtu angechagua maji ya moto, na waya wa nyutro wa koili uwe umelegea au umekatika, mwili ule ungepanda hadi volti 230, ukimngoja mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Breka ya mvujo ingekata baada ya umeme kuanza kupita mwilini mwake, si kabla. Waya wa erthi huifanya breka ikate kabla mtu hajagusa, na hiyo ndiyo tofauti kati ya usumbufu na msiba.

Kosa la pili nililolikuta lilikuwa la fundi aliyetangulia. Katika kuhangaika, alikuwa ameiondoa breka nyembamba ya ampea 20 ya saketi ya soketi na kuweka ya ampea 32 ili “iwe na nguvu,” ilhali waya uliopo ukutani ni wa milimita mraba 2.5 na umelazwa ndani ya bomba pamoja na nyaya nyingine. Ukubwa wa breka nyembamba hauna uhusiano wowote na mvujo, kwa hiyo hakuponya chochote. Alichofanya ni kuruhusu waya upate joto ambalo breka ya awali ilikuwa inalizuia. Niliirudisha ya ampea 20 kabla ya kugusa kitu kingine. Pasi na birika kwa pamoja ni kama ampea 14.4, na zinatoshea humo bila tabu.

Koili mpya ya wati zilezile ikafungwa. Nilisafisha kiti cha mpira hadi chuma king’ae, kwa sababu mpira mpya juu ya chokaa ya zamani huvuja maji, na maji yakidondokea vituo vya nyaya tutarudi palepale. Kabla ya kuichomeka niliunganisha moto na nyutro za plagi pamoja, nikapima dhidi ya erthi kwa volti 500: zaidi ya megaomu 200. Kabla ya ukarabati kipimo hichohicho kilikuwa kimeonyesha sifuri. Nitaje hapa kwamba omu 18 ni kosa kubwa kiasi cha kuonekana kwa mita ya kawaida, lakini koili iliyonywa unyevu kidogo tu mara nyingi huonekana safi kwenye mita ya kawaida, ambayo husukuma volti chache, na hujisaliti pale tu inaposukumwa kwa volti 500. Asiye na kifaa hicho asitoe hukumu ya mwisho juu ya koili yoyote ya joto.

Tukachomeka vyombo vyote, mashine ya kufulia ikawekwa kwenye maji ya nyuzi 60 kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, pasi ikawashwa, taa zote zikawashwa. Mita ya kubana ilisoma miliampea 4. Nilizima pasi: ikabaki 4. Mvujo ulikuwa umeacha kufuata mzigo, na kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko udogo wa namba yenyewe. Vyombo vingine vizito vikiwa vimezimwa, kati ya nyutro na erthi nilipima volti 0.2 bila pasi na 1.9 pasi ikiwaka, kama ilivyokuwa kabla. Nyutro bado inapanda, na itaendelea kupanda, ila sasa haina njia ya pembeni.

Nilipendekeza pia kwamba siku wakiwa na uwezo wagawe ulinzi, kila saketi kubwa iwe na breka yake ya mvujo inayokata moto na nyutro kwa pamoja, ili kosa la chumba kimoja lisizime nyumba nzima na ili ushauri ule wa kuzima moja moja uwe wa kweli kwao. Walisema watafikiria.

Nilipokuwa nakusanya vifaa, kijana akaniletea pasi ya kwanza, ile ya zamani, iliyokuwa imefungwa waya wake na kuwekwa chini ya ngazi tayari kutupwa. Tukaichomeka kwenye soketi ileile iliyokuwa ikiikataa, birika likichemka upande wa pili na friji ikinguruma. Ikapata joto, taa yake ikazimika, na mama mwenye nyumba akachukua shati kutoka kwenye kapu.